Kifaa Chenye Masikio, Kisicho na Mdomo

Kila asubuhi Mbishi na mkewe huvusha mboga kwa boti yao ya injini. Nyumba iko ng'ambo hii, soko liko ng'ambo ile. Katikati ni njia ya meli kubwa.

Siku moja, kwenye ukungu, meli iliwapita karibu mno. Wimbi lake lilijaza boti maji, nyanya zikaelea.

Walipofika nchi kavu, mke alisema, "Mimi botini sipandi tena. Nina watoto wa kulea."

Mbishi akaenda kwa shemeji yake, fundi redio. Alirudi na kifaa kidogo cha bei nafuu. Hupokea taarifa za meli na kuzionyesha kwenye simu.

"Sasa meli zote zitatuona!" akatamba. Akaitoa hata honi botini.

Fundi alipokuja kufunga antena, aliikuta honi juu ya kabati la jikoni. Akacheka.

"Shemeji, kifaa hiki kina masikio, hakina mdomo. Meli kubwa hutangaza zilipo na ziendako. Wewe unasikia tu. Wao hawakujui."

"Kumbe nimenunua nini?"

"Nafasi ya kukwepa mapema. Tazama. Namba hii ni umbali kati yenu na meli mtakapopishana. Hii ni dakika zilizobaki. Umbali ukiwa mdogo, usingoje. Na boti ndogo nyingi hazimo humu. Kwa hiyo macho na masikio wazi, na honi irudi botini!"

"Wanasema ajali haina kinga."

"Hii inayo, ukiacha ubishi."

Mke alikuwa mlangoni akisikiliza. "Nitapanda," alisema. "Lakini simu nashika mimi. Huyu atabishana nayo."

Jumatatu ukungu ulirudi. Katikati ya safari simu ikalia.

"Meli, kutoka kushoto. Dakika nane. Tutapishana mita thelathini!"

"Tutawahi kupita mbele."

"Wahi peke yako, baba watoto! Punguza!"

Mbishi akapunguza mwendo, akageuza boti, akapiga honi. Mke akasoma namba: mia mbili. Mia nne. Mia sita. Kisha ngurumo ikapita mbele yao, ndani ya ukungu. Wimbi dogo likaiinua boti, likaishusha taratibu.

"Imepita?" Mbishi alinong'ona.

"Imepita. Inazidi kwenda mbali."

Mbishi akashusha pumzi ndefu.

"Basi twende," alisema mkewe. "Na kesho uniamshe mapema. Wateja wametukosa wiki nzima."