Yasmini Akaza Macho

Zuena alikuwa akikaanga maandazi mlangoni kwake, Mtoni. Kando yake alilala Yasmini, bintiye wa miezi miwili, amefunikwa kanga gubigubi. Jirani alipoinama kumtazama, Bi Hija, mama mkwe wa Zuena, alimwahi.

"Usimkodolee mjukuu wangu. Macho ya watu yana husuda."

Ndivyo walivyolelewa. Mtoto mchanga hakaziwi macho. Zuena alimnyonyesha chini ya kanga na kumwogesha chumbani, penye giza. Alimjua mwanawe kwa kumpapasa zaidi kuliko kwa kumwona.

Asubuhi hiyo alipita Flaviana, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba. Umekuja tena na macho yako hayo?"

"Ningeyaacha wapi, bibi?"

Bi Hija alicheka, lakini kanga hakuifunua. Flaviana akamgeukia Zuena.

"Yasmini anakutazama usoni?"

Zuena alisita. "Si bado mdogo, dada?"

"Umri huu mtoto huukazia macho uso wa mama yake. Mama akisogea, macho yanafuata. Kama mnaogopa macho yangu, mtazame wewe."

Zuena alimpakata mtoto kwenye mwanga. Akamtazama bila kupepesa. Akasogeza uso kushoto, kisha kulia. Macho ya Yasmini hayakumfuata. Yalitangatanga tu. Na katikati ya kila jicho, mahali panapokuwa peusi, palikuwa peupe kama tone la maziwa.

"Mama, njoo uone," alimwita mkwewe.

Bi Hija aliona. "Washamtupia jicho. Nilisema mie. Ngoja nitafute dawa nimdondoshee."

"Usimtie kitu, bibi," alisema Flaviana. "Huo unaonekana ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna kitu kama kioo. Chake kimeingia ukungu."

"Mtoto wa jicho ni wa sie wazee."

"Wengine huzaliwa nao. Hauletwi na mtu kumtazama. Hospitali wanautoa. Lakini ubongo wa mtoto unajifunza kuona sasa hivi. Tukichelewa, ukungu utatolewa na bado asione vizuri."

Bi Hija alimtazama tena mjukuu wake machoni. Kisha akasema, "Kumbe nimemficha hata asionwe na wa kumtibu." Akajifunga ushungi. "Zima jiko, Zuena. Twende. Baba yake tutampigia simu njiani."

Hospitalini, daktari wa macho aliwasha kurunzi ndogo, akathibitisha. Yasmini alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, kisha la pili. Akapewa miwani midogo yenye mkanda wa kuzunguka kichwa. Daktari akawaambia wasiache kumrudisha kliniki, kwa sababu miwani hubadilishwa mtoto anavyokua.

Siku za kwanza Yasmini aliivuta miwani na kulia. Zuena aliirudisha, akamwimbia. Asubuhi moja mtoto akanyamaza ghafla. Macho yake yalitua kwenye uso wa mama. Yakapanda polepole hadi kwenye paji, yakashuka kwenye mdomo, yakatulia hapo, kama mtu anayesoma. Zuena aliogopa hata kupumua.

"Mama," alinong'ona, "ananiona."

Bi Hija alisogea. Yasmini akageuka, akamkazia macho bibi yake. Mtoto hakupepesa. Bibi naye hakuficha uso.

"Nitazame, mama," alisema Bi Hija. "Nitazame mpaka uchoke."