Mgeni katika Kundi la Ridhaa

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipita uani nyuma ya nyumba ya wageni, akatundika mkoba wake kwenye msumari wa mlango, akanawa mikono, kisha akashika ncha mbili za shuka. Mama yake alishika ncha mbili za upande wa pili. Walivuta, wakakung'uta, halafu wakaendeana kama watu wanaotaka kukumbatiana, na shuka likakunjika katikati yao. Likimalizika moja, linachukuliwa jingine. Mama yake alikuwa dobi wa nyumba ile, na mashuka hayakuwa na Jumapili.

Jina la Chiriku alibandikwa na bibi yake kwa sababu ya mdomo, na darasani hakuna aliyekumbuka tena jina lake la kwenye kitabu cha mahudhurio.

Mwezi ule mdomo ulikuwa na habari moja tu: shindano la michezo mitatu. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, na hakuna kupumzika katikati. Mama alikuwa akijiandaa tangu mwaka uliopita. Aliogelea kwenye bwawa la mji kabla jua halijatoka, akaenda kazini kwa baiskeli kwa njia ndefu ya kilimani, na jioni akakimbia mpaka majirani wakamzoea.

"Mwanamke atakayeshinda kundi la ridhaa atapelekwa chuoni kusomea ualimu wa kuogelea," Mama alimweleza. "Akirudi, atafundisha watoto bwawani."

"Ridhaa ndiyo nini?"

"Ni watu kama mimi, wenye kazi zao nyingine. Wale wanaolipwa kwa ajili ya mbio wana kundi lao." Mama alitazama vidole vyake vilivyopasuka kwa sabuni, akacheka. "Hebu fikiria, mwanangu. Kutwa nzima kwenye maji yasiyo na povu!"

Alisema kwa mzaha, lakini Chiriku alijua kwamba Mama hakuwa na mzaha hata kidogo. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Wiki ya mwisho kabla ya shindano, mgeni aliingia chumba cha mwisho. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, na baiskeli yake ilikuwa imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Mapokezi walipomuuliza kazi yake alisema, "Karani tu. Nimekuja kujaribu hili shindano. Nipo kundi la ridhaa."

Chiriku, aliyekuwa akipita na rundo la taulo, alisimama. Karani gani huyo mwenye misuli ya miguu kama kamba zilizosokotwa?

Kuanzia hapo hakumwondolea macho. Asubuhi alimwona Mgeni akiitoa baiskeli nje. Viatu vyake vilikuwa vimeshikizwa kwenye pedali kabla hajavivaa, vimezuiwa kwa vijimpira vyembamba visipinduke. Mgeni alikimbia pekupeku ubavuni mwa baiskeli, akarukia juu, na miguu ikaingia kwenye viatu wakati baiskeli tayari inakwenda. Vijimpira vikakatika, pa! pa! Akapotea kwenye kona. Mama, ambaye alijiona mwepesi, bado alikaa chini kufunga kamba.

Kisha ikaja jezi. Ilifika kwenye kapu la nguo chafu, na Chiriku ndiye aliyeigeuza ili itundikwe. Rangi yake ya buluu ilikuwa imepauka kwa jua, ila kifuani na mgongoni palikuwa na mistari ya buluu iliyokolea, na kandokando yake matundu madogo ya sindano.

"Mama, angalia. Hapa palikuwa na maandishi. Yamefumuliwa!"

Mama aliishika jezi, akaigeuza kwenye mwanga.

"Watu huvaa mitumba," alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe nina fulana ya benki, na benki hainijui. Haya, tundika."

"Lakini Mama..."

"Tundika, Chiriku."

Alitundika. Lakini jambo lenyewe lilimkaa kooni, na kesho yake darasani halikukaa tena. Alimwinamia jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Kifutio.

"Usimwambie mtu. Yule mgeni pale kwetu ni mtu wa kulipwa. Amejificha."

"Wewe! Umejuaje?"

"Nimeona viatu. Nimeona na jezi. Kuna kitu anaficha, nakuapia."

Kifutio hakumwambia mtu. Aliwaambia watu sita. Kufikia kengele ya kwenda nyumbani, habari ilikuwa imepita madarasa yote na kunenepa njiani. Mgeni anameza dawa. Mgeni alifungiwa kushiriki mbio katika mji mwingine. Baiskeli ya Mgeni ina injini ndani ya bomba, ndiyo maana huifunga blanketi, isionekane.

Siku iliyofuata, Mgeni alipokuwa akirudi kutoka mazoezini, watoto walimkimbilia nyuma. "Injini! Injini!" Muuza duka aliyekuwa akimjazia maji chupa yake alimgeuzia mgongo. Meneja wa nyumba ya wageni alimwita Mgeni kando, akamwambia kwa adabu nyingi kwamba labda angependelea kutafuta malazi mengine. Mgeni aliingia kwa mlango wa uani, ameinamisha kichwa, akapita katikati ya mashuka bila kusalimu.

Mama alimtazama mpaka mlango ulipofungwa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Hii ya injini imetoka wapi?"

"Sijui, Mama."

"Chiriku."

"Mimi nilisema viatu na jezi tu! Injini wameitia wao."

"Wameiendesha wao," Mama alisema. "Aliyeiwasha ni wewe."

Chiriku alihisi machozi, na nyuma ya machozi hasira. "Lakini kama ni wa kulipwa kweli? Atakuchukulia nafasi yako! Umeamka gizani mwaka mzima, halafu mtu aje na uongo wake tu, akuzidi!"

Mama alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Alisugua vidole vyake.

"Unadhani mimi sina shaka?" alisema polepole. "Ninayo. Nilimwona bwawani. Ule si uogeleaji wa karani. Lakini nikasema, nikimuuliza, ataona namwogopa. Kwa hiyo mimi nimenyamaza, na wewe umesema kwa kila mtu. Yeye peke yake ndiye hatujamwambia." Alisimama, akaichukua jezi ya buluu iliyokwisha kauka, akaikunja. "Twende."

"Wapi?"

"Chumba cha mwisho. Na utasema ulichokiona. Ulichokiona tu, usiongeze chumvi."

Mgeni alifungua mlango. Begi lake lilikuwa kitandani, nusu limejaa.

"Shikamoo, anti," Chiriku alisema, sauti ikitoka nyembamba.

"Marahaba."

"Anti, mimi... niliona viatu vyako kwenye pedali. Na jezi yako ilikuwa na maandishi yaliyofumuliwa. Nikasema shuleni kwamba wewe ni mtu wa kulipwa. Injini sikusema. Ila imetokana na mimi."

Mgeni aliichukua jezi kutoka mikononi mwa Mama. "Kwa hiyo ni wewe," alisema, lakini hakupaza sauti. Kisha akainua kidevu. "Sikuvunja chochote. Kundi linaitwa la ridhaa. Nimekuja kwa ridhaa yangu. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilazimisha."

Chiriku alimtazama Mama kwa hofu. Neno lilikuwa sahihi! Mwalimu wa Kiswahili aliwahi kulieleza hivyohivyo: ridhaa ni kukubali kwa hiari. Je, kama wao ndio waliokosea?

Mama hakutikisika. "Dada yangu," alisema, "sote tumekuja kwa ridhaa zetu. Hata wale wa kulipwa hakuna aliyewaburuta kwa kamba. Neno lile kwenye ubao wa kujiandikisha pale bwawani si la moyo, ni la kundi. Nakuuliza kitu kimoja, na ukinijibu nitakuamini: mpaka juzi, ulikuwa unakula kwa kazi gani?"

Mgeni alikaa kitandani kando ya begi lake.

"Mbio," alisema. "Nimeishi kwa mbio tangu nikiwa msichana. Mwaka huu wadhamini wameniacha, nikafumua majina yao. Nikajiambia, kama hakuna anayenilipa leo, basi leo mimi ni wa ridhaa." Alijaribu kutabasamu. "Nilijua si kweli. Lakini unajua kuwa wa nane kukoje? Miaka yote wa nane, wa tisa, wa nane. Nilitaka kuvuka mstari siku moja nisimwone mtu mbele yangu."

"Na mimi je?" Mama aliuliza taratibu. "Ungevuka mstari, mimi ningekuwa nyuma yako nikikuona."

Mgeni aliikunjua jezi, akaikunja tena.

Chiriku alishindwa kujizuia. "Anti, kwa hiyo dawa hunywi?"

"Sijawahi kuzigusa. Na ningekuwa na injini, binti yangu, ningekuwa wa nane?"

Mama alicheka kwanza, ghafla, na Mgeni akacheka kwa pua huku akifuta macho.

"Sitakushtaki," Mama alisema akiwa mlangoni. "Kocha anayeandikisha yuko bwawani mpaka jioni. Kwenda mwenyewe ni heshima yako, si yangu. Na wewe, Chiriku, una mzunguko wako wa kufanya."

Mzunguko ule ulikuwa mrefu kuliko kilima cha baiskeli. Chiriku alianza kwa meneja, akaenda kwa muuza duka, na asubuhi akasimama mbele ya darasa.

"Habari za dawa na injini si kweli," alisema. "Zilianza na maneno yangu."

"Kwani umeangalia ndani ya bomba?" mvulana mmoja aliuliza.

"Sijaangalia. Na wewe uliyesema injini ipo, uliangalia?"

Darasa likacheka, na mvulana akaketi. Lakini Chiriku hakusema kama Mgeni alikuwa wa kulipwa au la. Jambo hilo lilibaki kwa mwenyewe kulisema, na Chiriku hakujua kama amelisema. Alijua tu kwamba meneja alimruhusu abaki.

Siku ya shindano alisimama ukingoni mwa bwawa. Kundi la ridhaa lilivaa kofia za njano. La kulipwa, nyekundu. Mama alikuwa na ya njano, amejipanga kati ya mwokaji mikate na mwalimu wa chekechea. Mgeni alitokea mwisho kabisa, taulo kichwani. Rangi ya kofia yake haikuonekana. Alikwenda upande wa njano. Chiriku akasogea mbele aone. Kumbe alikwenda kuongea na Mama! Alimnong'oneza kitu, akamgusa bega, akavuta taulo. Kofia ilikuwa nyekundu.

Mama alitoka majini wa kwanza katika kundi lake. Kwenye baiskeli mwokaji mikate alimpita, na Chiriku akaishiwa sauti kwa kupiga kelele. Ni kwenye kukimbia, kwenye ule mteremko wa mwisho, Mama alipomkuta mwokaji, wakaenda bega kwa bega, hata Mama akamwacha kidogo tu, kifua tu. Alivuka mstari akaanguka chini, akicheka na kulia.

Mgeni alikuwa wa saba katika kundi lake. Alikuja kuwapongeza akiwa na matope mpaka magotini.

"Wa saba," alisema. "Lakini nafasi hii ya saba ni yangu, hakuna atakayeninong'ona."

"Hongera, anti!" Chiriku alipaza sauti, watoto wote wasikie.

Waliporudi uani, Mama alikaa kivulini, miguu kwenye beseni la maji ya baridi, Chiriku akimkanda mabega.

"Mama, kwa hiyo nilikosea au sikukosea? Nilisema ni wa kulipwa, na kweli ni wa kulipwa."

"Macho yako hayakukosea," Mama alisema. "Bila macho yako, yule mwokaji na mimi tungeonewa. Mashindano ni haki pale kila mtu anaposimama kwenye kundi lake, na anayeona mtu amesimama pasipo pake ana wajibu wa kusema. Lakini sema kwake, au kwa mwenye kuamua. Ukisema pembeni, hata jambo la kweli linageuka uongo kabla halijafika nyumbani. Ulikuwa na kweli kidogo, mwanangu, ukaitawanya ikapotelea kwenye injini. Siku nyingine ibebe nzima, uipeleke mahali pake."

"Hata kama naogopa?"

"Hata mimi niliogopa. Ndiyo maana tulikwenda wawili."

Alitoa miguu kwenye maji, akanyoosha vidole vilivyopasuka, akamvuta binti yake akae karibu. Mwezi uliofuata Mama angeanza masomo yake chuoni.