Mikono ya Bi Sihaba

Kila asubuhi cherehani ya Maulida ilisikika mtaani kwao, Mabatini. Ilikuwa miaka ya tisini. Mitumba ilikuwa imejaa Mwanza, na watu walimletea suruali pana azipunguze. Maulida alikanyaga pedeli huku akimtania kila mpita njia.

Alipojifungua mtoto wa pili, miguu yake ilianza kufa ganzi. Jicho moja likawa linaona ukungu. Alichoka kabla hata ya kufanya kazi.

Mama mkwe wake, Bi Sihaba, alikuwa mkandaji hodari. Wanawake wengi wa Mabatini alikuwa amewakanda kwa maji ya moto baada ya kujifungua.

"Huu ni uzazi tu," alisema. "Hajakandwa vya kutosha. Muharami, chemsha mengine!"

Muharami, mume wa Maulida, akachemsha. Jamani, maji yale yalikuwa ya moto! Kila alipomaliza kukandwa, Maulida alilegea zaidi. Hata kikombe kilimponyoka.

"Mama, nazidi kuishiwa nguvu."

"Vumilia, mwanangu. Ndiyo ugonjwa unatoka."

Unatoka wapi! Walimlaza. Alilishwa, aliogeshwa, alibebwa. Akijaribu kusimama, Bi Sihaba alimrudisha kitandani. Majirani wakasifu: mkwe gani anapendwa hivi? Miezi ikapita. Cherehani ikafunikwa kanga.

Mwishowe Muharami alimpeleka mkewe hospitali kubwa. Daktari alimpima, akautaja ugonjwa: maltipo sklerosisi. Kisha akawatuma kwa Paskazia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo, mama," Paskazia alimwamkia Bi Sihaba.

"Marahaba. Haya tuambie, ni mkono wa mtu?"

"Hapana, mama. Wala hauambukizi. Kinga ya mwili imekosea, inashambulia mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo ina ganda, kama waya wa umeme. Ganda likichubuka, habari kutoka ubongoni hazifiki vizuri miguuni."

"Nitapona?" Maulida aliuliza.

"Hakuna dawa ya kuumaliza, dada. Lakini mazoezi yatakusaidia kuishi nao."

Paskazia aliushika mguu wake wa kushoto. Kisigino hakikushuka. Kifundo kilikuwa kimekakamaa.

"Amelala muda mrefu?"

"Tulimpumzisha," alijibu Bi Sihaba. "Na kumkanda kwa maji ya moto."

Paskazia aliushusha mguu taratibu. "Mama, joto huwalegeza wenye ugonjwa huu. Ulegevu huo hupita mwili ukipoa. Kilichoukaza mguu ni kulala tu. Tungeanza mapema, huenda usingekakamaa hivi."

Bi Sihaba aliitazama mikono yake, akaangua kilio. "Nimemharibu mtoto wa watu!"

"Hukujua, mama. Sasa umejua."

Akawafundisha. Mazoezi yafanywe asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anyooshe miguu polepole. Asimame akishika meza. Akichoka, apumzike kwanza. Asioge maji ya moto. Na kila anachokiweza, akifanye mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda Bi Sihaba. Maulida akiyumba kidogo tu, yeye huyo, keshamdaka! Muharami alicheka, lakini mama yake hakucheka. Majuto yalikuwa hayajamtoka.

Polepole mguu wa kulia ulipata nguvu. Wa kushoto aliendelea kuuburuta; haukurudi kama zamani. Zilikuwapo pia siku ambazo ugonjwa ulimrudisha kitandani.

Asubuhi moja Maulida alishika fimbo yake, akaikabili cherehani. Bi Sihaba akainuka.

"Mama, kaa."

"Utaanguka!"

"Kaa, mama yangu."

Bi Sihaba akakaa, akaikalia mikono yake. Machozi yalimtoka. "Ningekuacha utembee tangu mwanzo, kisigino hicho kingegusa chini."

Maulida alijiegemeza kwenye fimbo. Aliburuta mguu mpaka kwenye kiti, akaketi, akahema. Akaiondoa kanga. Mguu wa kulia ukakanyaga pedeli, na cherehani ikalia.

"Ulinipenda, mama," alisema. "Sasa nipende ukiwa umekaa."