Shimo Chini ya Liki za Mzee Wilf

Jumamosi ile jikoni kwa Lorna hapakuwa na pa kukanyaga. Majirani wamejaa, chai inamiminwa, umbea unakwenda mbio. Kev, mumewe, alikuwa na habari kubwa. Mzee Wilf wa nyumba ya mwisho mtaani anauza, na wao ndio wanunuzi.

"Tumeshapeana mikono," Kev alijigamba. "Fomu nimezipata kwenye mtandao, nitajaza mwenyewe. Wakili wa nini? Wilf nimelima naye liki miaka kumi!"

Watu wakaitikia. Katika kijiji kile cha Durham, kaskazini mwa Uingereza, mtu mliyelima naye liki za mashindano, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, ni zaidi ya ndugu.

Lorna alishika kikombe bila kunywa. Fedha zile zilikuwa urithi wa mama yake, zote. Zikipotea, yeye, Kev na binti yao Robyn watabaki wapangaji maisha yao yote.

"Kev, mimi naogopa."

"Wewe hata buibui unamwogopa!"

Jikoni kukalipuka kicheko. Audrey, jirani wa mlango wa pili, hakucheka. Alikuwa amepiga chapa katika ofisi ya wakili miaka thelathini.

"Kev mwanangu," aliuliza, "kila mwaka unamsukumia Wilf mikokoteni mingapi ya udongo kwenye kile kitalu chake cha liki?"

"Sita. Saba hivi."

"Na ule wa mwaka uliopita huwa umekwenda wapi?"

"Unadidimia tu," alisema Kev. Kila mtu alijua kwamba chini ya kijiji kuna mgodi wa makaa ya mawe, uliofungwa zamani. Hakuna aliyependa kuufikiria.

"Sheria haikulazimishi kuweka wakili," Audrey aliendelea. "Ungekopa benki, benki ndiyo ingekulazimisha. Lakini wakili hajazi fomu tu. Anatazama kwenye daftari la ardhi kama Wilf ndiye mwenye nyumba kweli, kama haina deni, na mpaka unaishia wapi. Anaagiza taarifa za migodi. Ukishanunua, shida zake ni zako."

"Wakili wa Wilf si atatutazamia na sisi?" Lorna aliuliza.

"Thubutu! Wa Wilf ni wa Wilf. Tafuteni wenu. Hakikisheni ana leseni, na awaandikie malipo yake yote kabla hajaanza."

Jumatatu Lorna akaenda mjini kwa wakili, Bi Pallister. Kev alinung'unika, lakini hakumzuia.

Wiki tatu baadaye simu ikalia.

"Lorna, kuna shimo la mgodi kwenye ramani," alisema Bi Pallister. "Liko chini ya kile kitalu. Sioni karatasi hata moja inayoonyesha kwamba liliwahi kuzibwa. Msitie sahihi. Na mtu yeyote asikanyage pale."

Kev alikuwa huko muda huo huo, na mkokoteni!

Alikimbia bila koti. Alimkuta mumewe katikati ya liki, udongo umemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Kev! Toka hapo!"

"Kuna buibui?"

"Kuna shimo chini yako! Uache mkokoteni. Njoo polepole, baba Robyn, nakuomba."

Kev akauona uso wake, utani ukamwisha. Alinyanyua mguu mmoja, kisha wa pili. Alipofika kwenye njia ya saruji, Lorna alimshika shati kwa mikono miwili. Nyuma yao mkokoteni uliinama. Hadi asubuhi ulikuwa umezama, mpini tu unaonekana.

Idara inayoshughulikia migodi ya zamani ikapigiwa simu. Wakaja, wakazungushia uzio, wakalijaza shimo na kulifunika kwa zege. Kazi ilichukua miezi. Bi Pallister hakuwaruhusu kutia sahihi mpaka alipoishika barua ya kuthibitisha kazi imekamilika.

Wakahamia. Siku hiyo Mzee Wilf alikuja kuwakabidhi funguo, akakaa kunywa chai kati ya maboksi.

"Mimi sasa nanunua kijumba kule pwani, karibu na dada yangu," alisema. "Anayekiuza ni mtu mzuri sana. Anasema tupeane mikono tu, yaishe."

Kev alikwisha kuchukua simu.

"Mzee, kaa hapo hapo," alisema. "Nampigia Bi Pallister."