Kompyuta Yenye Tumbo

Jumamosi ilikuwa siku ya Mama Cherehani kwenda dukani. Asubuhi alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akasema sala yake fupi, akafunga mlango.

Duka lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la mtaa mzima. Ofisi zikibadilisha kompyuta, zile za zamani zililetwa pale. Watu wa kujitolea walizifuta vumbi, wakazitengeneza, wakaziuza kwa bei nafuu. Hakuna aliyelipwa mshahara. Faida ilinunua vitabu vya maktaba ya watoto.

Fundi wao aliitwa Bisibisi, kwa kuwa hakuonekana bila bisibisi nyuma ya sikio. Alikuwa mtu wa makamo, ameajiriwa kwenye karakana ya simu. Dukani alikuja jioni, na Jumamosi baada ya kazi.

Mama Cherehani yeye alisafisha na kuuza. Alipitisha njiti yenye pamba katikati ya herufi za kibodi, moja moja.

"Wewe unazipamba kompyuta kama maharusi," Bisibisi humtania.

"Na wewe unazipasua kama kuku," humjibu.

Jumamosi hiyo alikuta kompyuta ya kijivu pembeni mwa kabati, ile aina ya kukunja na kubeba. Ilikuwa nzuri, haina hata mkwaruzo. Kasoro yake ilikuwa moja. Haikufunga. Chini ilikuwa imetokeza tumbo. Ukiiweka mezani, inayumba.

Aliigeuza, akaitazama. Yeye ni mshonaji. Kola ikikunjamana, huinyoosha. Pindo likiinuka, huliwekea uzito likalala. Basi akaitandikia kompyuta kitambaa, akaenda kuchukua kichwa cha cherehani kilichokufa, ambacho walikitumia kuzuia mlango. Kilikuwa cha chuma, kizito kama mtoto wa miaka mitatu. Akakitua juu yake taratibu.

Alipokitoa, tumbo lilikuwa limerudi ndani. Kifuniko kilifunga, japo kwa kusukumwa kidogo. Akaiwasha. Ikawaka. Mama Cherehani akatabasamu peke yake.

Haukupita muda, akaingia mkwewe, mama mzazi wa mume wa binti yake.

"Mkwe, nimekuja kukusumbua," alisema. "Mwanetu anajifunza uhasibu, na hana kompyuta. Nataka nimfanyie jambo la kushtukiza. Akirudi kazini jioni, aikute imejaa chaji."

Mama Cherehani akaguswa. Si kila binti hupata mama mkwe wa namna hiyo. Akamtolea ile ya kijivu.

"Chukua hii. Nimeishughulikia kwa mikono yangu mwenyewe."

Mkwe akalipa, akaondoka ameikumbatia.

Mchana Bisibisi akafika. Alifungua kabati, akainama, akainuka.

"Dada, ile ya kijivu iliyokuwa huku pembeni iko wapi? Niliitenga jana jioni."

"Nimeiuza."

"Umeiuza vipi na haifungi?"

"Ilikuwa haifungi. Nimeikandamiza kwa cherehani, ikalala kama shati."

Alingoja utani. Utani haukuja. Bisibisi alitoa bisibisi nyuma ya sikio, akaiweka mezani kama mtu anayeweka yai.

"Dada," alisema, "lile tumbo ni betri. Betri ikiharibika hujaa gesi ndani, ikavimba. Ukiikandamiza unaweza kupasua utando wa ndani. Halafu ikichajiwa, inashika moto."

"Moto wa kuunguza?"

"Wa kuunguza nyumba. Umemuuzia nani?"

"Mkwe wangu," alisema Mama Cherehani. Aliona mbele ya macho yake chumba kimoja tu, nyumbani kwa mkwewe. Mjukuu wake wa miezi saba hulala humo kila mchana.

Bisibisi alipiga simu ya mkwe. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Wakatoka bila kufunga duka. Nyumba ilikuwa mtaa wa pili. Mama Cherehani, ambaye kwa magoti yake hupanda ngazi kwa kupumzika, alikimbia.

Mkwe alikuwa uani akianika nguo.

"Karibuni, karibuni. Mkwe, mbona unahema hivyo? Za tangu asubuhi?"

"Kompyuta iko wapi?"

Mkwe alishusha shuka aliyokuwa akiianika. Alikuwa hajawahi kuulizwa jambo na mkwewe bila salamu.

"Umekuja kuichukua? Si nimelipa?"

"Iko wapi, mkwe wangu?"

"Chumbani kwangu. Inachaji kitandani. Polepole basi, mtoto amelala."

Mama Cherehani hakuwahi kukanyaga chumba cha kulala cha mkwewe. Siku hiyo aliingia na viatu.

Harufu ilimpokea mlangoni, tamu tamu, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kompyuta ilikuwa juu ya godoro. Tumbo lilikuwa limerudi, kubwa kuliko mwanzo, na kifuniko kimeachama. Ilikuwa inatoa sauti nyembamba ya kupumua. Mjukuu alikuwa amelala upande wa pili wa mto.

"Beba mtoto," Bisibisi alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Kompyuta usiiguse. Toka."

Alimbeba na blanketi lake. Bisibisi akavuta mlango, akakimbilia swichi kuu, akazima umeme wa nyumba nzima. Walikuwa hawajafika uani waliposikia mlio, kama gunia limepasuka. Moshi mweupe ukatokea dirishani, halafu ulimi wa moto ukalamba pazia.

Mkwe alisimama na shuka mkononi. Hakulia. "Nilikuwa nianike hii moja tu," alisema, "kisha niende nikalale naye."



Bisibisi aliita zimamoto. Jirani mmoja alishika ndoo, akaelekea ndani, Bisibisi akamzuia kifuani.

"Moshi wa betri ni sumu," alisema. "Watu wako nje, mlango umefungwa. Waache wenye vifaa wafanye kazi yao."

Wakaja, wakauzima. Godoro lilikwisha, kitanda kikawa makaa, ukuta ukawa mweusi hadi darini. Vyumba vingine vilisalimika.

Mama Cherehani alikaa chini na mjukuu kifuani.

"Nimemuuzia moto kwa mikono yangu," alisema.

"Na mimi niliuficha kabatini bila kuandika hata neno," Bisibisi alijibu. "Nilijua mimi peke yangu. Kujua peke yangu kumesaidia nini?"

Mkwe akawageukia. "Basi niambieni na mimi. Mtu wa kawaida anaitambuaje?"

"Kifuniko hakifungi, au herufi zimeinuka," Bisibisi alisema. "Chini pametokeza. Ukiiweka mahali tambarare, inayumba, au ukiisukuma inazunguka kama pia ya watoto."

"Halafu nifanye nini?"

"Izime. Chomoa chaja. Usiikandamize, usiitoboe, usiichaji tena hata dakika moja. Usiitupe jalalani. Iweke juu ya saruji au vigae, mbali na vitu vya kuungua, umwite fundi aitoe betri. Ikiwa ya moto au inatoa moshi, usiibebe. Toeni watu, fungeni mlango, iteni zimamoto. Na hata iliyo nzima, msiichaji kitandani. Godoro huzuia joto kutoka."

Mkwe alisikiliza kama anayeelekezwa njia ya kwenda hospitali.

Jumamosi iliyofuata duka lilikuwa na meza mpya mlangoni, yenye kigae kipana juu yake. Kila kompyuta iliyoletwa ilipita hapo kwanza. Iliwekwa juu ya kigae, ikasukumwa kwa kidole. Ikiyumba au ikizunguka, ilifungwa utepe mwekundu, na Bisibisi aliitoa betri. Betri zilizovimba zilikaa nje, kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, zikingoja watu wa kukusanya taka za umeme. Kichwa cha cherehani kilirudi kuzuia mlango.

Anayekaa kwenye meza ile ni mkwe. Aliomba mwenyewe. Mama Cherehani alimshonea godoro jipya, na siku ya kulipeleka walikaa pamoja, mjukuu akitambaa kati yao.

Juzi akaja mwanamume mmoja mchangamfu na kompyuta kwapani.

"Mama, hii ilikuwa haifungi," alisema. "Nikaiwekea matofali mawili usiku kucha. Sasa safi kabisa. Nimeichaji hadi imejaa."

Mama Cherehani aliacha kitambaa chake. Mkwe aliiweka kompyuta juu ya kigae na kuisukuma kwa kidole. Ikazunguka. Hakumkaripia. Alimvutia kiti.

"Keti, mwanangu," alisema. "Uliichajia wapi? Na nani alikuwa amelala karibu?"