Jiko Lilale Nje

Fundi cherehani alihamia mkoa wa baridi kwa sababu kwao mvua ilikataa, na mwenye njaa hashoni nguo. Alikuja na mkewe, cherehani yake, na mama yake mzazi, ambaye hakutaka kuhama.

"Baridi hii itaniua, mwanangu," mama alilalamika kila jioni.

"Mama naye! Utazoea," fundi alimjibu akicheka.

Lakini mama ni mama. Jioni moja fundi aliwasha mkaa hadi ukawa mwekundu, akabeba jiko kulipeleka chumbani kwa mama. Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alimkuta mlangoni.

"Kaka, jiko hilo lisilale ndani."

"Dada, sisi tumelala na jiko tangu tuzaliwe. Na tazama, halina hata moshi."

"Nyumba yenu ya kule ilikuwaje?"

"Ya udongo, paa la nyasi."

"Ile ilikuwa inapumua. Hewa ilipita juu ya ukuta. Hii ni ya saruji, ina dari, na dirisha mmeliziba kwa magunia. Mkaa unatoa hewa ya sumu. Haionekani, wala hainuki. Aliyelala haamki."

Fundi aliitikia kwa heshima. Muuguzi alipoondoka, akaliingiza jiko. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi mama hakuamka.

Msibani watu walisema ni baridi. Fundi alivumilia, kisha akashindwa. "Si baridi," alisema. "Ni mimi."

Muuguzi hakumsema. Alimwambia mke wa fundi, "Jiko lilale nje, shemeji. Hata mkipika, fungueni mlango na dirisha. Mtu akiumwa kichwa au akipata kizunguzungu karibu na mkaa, mtoeni nje upesi, mumlete zahanati."

Magunia yakaondolewa dirishani siku hiyohiyo.

Siku hizi wahamiaji wengine wanakuja kutoka kule kwenye joto. Fundi huwapokea, huwaeleza habari za jiko, na huipa kila nyumba blanketi zito la viraka alilolishona mwenyewe. Wote wameamka salama.

Juzi bibi mmoja mgeni alijifunika lake, akacheka kwa furaha. "Umetumia kitambaa gani, mwanangu?"

"Mabaki tu, mama. Yalikuwa yamejaa chini ya cherehani tangu tulipohamia."

"Basi mama yako ana bahati! Huyo hajui baridi."

Fundi aliinamia cherehani, akashona bila kuona uzi.