Nasadiki ya Zita

Treni ya Tanga iliingia Moshi imechelewa saa mbili, na jukwaa la stesheni likajaa mpaka pa kuweka mguu pakakosekana. Makuli, wanawake wenye mikungu ya ndizi, wenye maduka wakitafuta majora yao ya kitambaa, wote walikuwa wakimwita mtu mmoja: Leodegar, karani wa vifurushi, kijana wa Tarakea aliyevaa kaki iliyopigwa pasi ikanyooka kama ubao.

Mbele yake akasimama msichana mwenye gauni jeupe la zahanati na kitambaa cha buluu kichwani. Alikumbatia sanduku la dawa lililolowa upande mmoja.

"Sitii sahihi," alisema. "Chupa zimevunjika."

"Dada, hujalifungua bado."

"Linanuka dawa mpaka sokoni. Au ni wewe umejipaka?"

Makuli wakaangua kicheko. Leodegar alifungua sanduku, akakuta chupa mbili zimevunjika kweli. Alipouliza jina la kuandika, akajibiwa: "Zita Filemon, wa Marangu. Andika vizuri, nitasoma."

Ilikuwa Januari 1954. Tangu siku hiyo simu ya zahanati ya masista haikupumua.

"Hapa stesheni. Mzigo wenu umefika."

"Mzigo gani? Juzi ulisema hivyo hivyo, nikatembea juani bure."

"Hukutembea bure. Nilikuona na lile gauni la maua ya njano. Usilivae tena siku ya treni, nabandika lebo za Arusha kwenye mizigo ya Tanga."

"Mwendawazimu wewe! Sista anakuja. Kwaheri, mpenzi." Neno hilo lilimtoka bila ruhusa, akakata simu upesi.

Jumapili walikwenda misa pamoja. Zita alisali amefumba macho, midomo ikitembea. Leodegar alimtazama yeye.

Aprili mvua ilinyesha siku kumi na moja bila kukatika. Asubuhi ya kumi na mbili dereva wa lori la mbao aliingia stesheni, tope limemfika kiunoni. Mlima ulikuwa umeporomoka juu ya Marangu. Kihamba chote cha mzee Filemon, baba yake Zita, kilikuwa kimekwenda, migomba, kahawa na nyumba. Mzee mwenyewe alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe. Mkewe Kornelia na binti yao mdogo Lukresia walikuwa ndani.

"Zahanati kuna simu," dereva alisema. "Mimi siwezi kumwambia."

Leodegar akainua simu.

"Leo mzigo gani tena?" Zita aliuliza, akicheka.

"Zita. Kaa kwanza."

Kicheko kikakatika. Leodegar alimwambia yote, neno kwa neno. Upande wa pili hakusikia kilio. Alisikia pumzi tu, kisha sauti ndogo sana: "Yesu wangu."

Kornelia alipatikana siku ya pili. Lukresia hakupatikana. Kaburini padri alianza Nasadiki, sala ya kukiri imani, akashindwa kuendelea. Yeye ndiye aliyembatiza Lukresia. Maji yakachuruzika kwenye miavuli na majani ya migomba. Ndipo Zita akaendelea peke yake, mkavu wa macho, polepole. Alipofika "ufufuko wa miili", aligeuka kutazama lile jeraha jekundu la mlima lililomfunika mdogo wake, akarudia: "Ufufuko wa miili." Akarudia mara ya tatu, kwa nguvu. Wanaume waliokuwa wameshika majembe walivua kofia. Leodegar alihisi nywele zikimsimama, akaogopa, na hofu hiyo ikageuka hasira.

"Hata kulia huwezi?" alimwambia njiani. "Unamsifu Mungu aliyewafukia?"

Zita alimpa kisogo. "Rudi mjini, Leodegar."

Akarudi. Mei nzima alipiga simu zahanati, akajibiwa kwamba Zita hayupo. Mjini ikavuma kwamba anaingia utawani. Leodegar aliamini, akakonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Mwishoni Sista mwenyewe alichoka na simu zake.

"Utawa gani? Yuko kwao na baba yake. Kila siku wanachimba kumtafuta mtoto."

Leodegar aliomba likizo, akapanda lori la Marangu, akamalizia njia kwa miguu. Alimkuta Zita amejifunga gunia kiunoni, viganja vimepasuka, jembe mkononi. Juu kidogo mzee Filemon alikuwa akiviringisha jiwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu, asigeuke.

"Nisamehe, Zita," Leodegar alisema. "Nilidhani huumii."

"Nalia kila siku. Namlilia Yeye, maana ni Yeye ninayemdai jibu. Siku nyingine nasali nimeuma meno kwa hasira. Lakini nikimwacha Mungu, Leodegar, nimwachie nani mama yangu?"

Leodegar alivua shati, akachukua sepetu.

Walichimba wiki nzima. Likizo ikaisha, akawa anapanda kila Jumamosi. Siku moja ya Agosti mawingu yalifunguka ghafla, na Kibo ikasimama juu yao, nyeupe, kubwa, karibu mno, hata majembe yakanyamaza. Zita alitazama barafu, akatazama tope, akalaza jembe chini.

"Baba, inatosha. Sisi hatujui alipo. Yeye anajua."

Alipiga magoti palepale. Leodegar akapiga magoti kando yake. Alianza Salamu Maria, akasahau katikati. Zita alimngoja mpaka akakumbuka.

Walipomaliza Leodegar hakuinuka. "Zita, nataka unioe," alisema, ulimi umemteleza kwa woga.

"Nikuoe mimi?"

"Nikuoe! Mimi! Nikuoe wewe!"

"Sema kwa sauti. Mzee yuko mbali."

Leodegar akasimama na magoti yake ya tope, akapaza sauti mbele ya mlima mzima: "Mzee Filemon! Naomba kumwoa Zita!"

Mzee alinyoosha mgongo, akamtazama kijana, akatazama viganja vyake vilivyochubuka.

"Mpe maji anawe," alimwambia binti yake. "Halafu ashuke kwenye kibanda chetu, aseme bila kupiga kelele."

Zita alicheka. Tangu Aprili hakuwa amecheka, na baba yake, aliposikia, aliketi juu ya jiwe akaanza kulia.